Mchana wa Kumuenzi Bruce Candy: Jinsi ya Kuwafundisha Wageni Kuisikia Dhahabu

Kila Jumamosi ya pili ya Mei napakia garini ditekta tatu (mashine za kutambua madini yaliyofichika ardhini), vizito vya risasi, mabomba ya plastiki, mnyororo wa mita mbili na sufuria ya pilau, naondoka Maryborough kushika njia ya Dunolly. Mwezi huo, huku Victoria, Australia, jua limeshapunguza ukali, nyoka wengi wamekwenda kulala, na mvua za kwanza zimelainisha ardhi hata sururu inaingia bila kushindana nayo. Wageni wangu hutoka Melbourne, Mildura na Bendigo: Watanzania, Wakongo, Warundi, na Wakenya wawili watatu. Tunakutana kwa heshima ya mtu ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumtia machoni, mwanafizikia wa Adelaide aitwaye Bruce Candy.

Nimeandika hapa namna ninavyouandaa mchana huo, ili nawe uweze kuuandaa ulipo. Ukiwa na ditekta moja nzuri, moja ya kawaida, kipande cha ardhi chenye udongo mkorofi na watu watano walio tayari kunyamaza, unaweza.

Mimi nimezaliwa Chunya. Babu yangu aliosha dhahabu kwa karai kandokando ya mto Lupa, na baba yake alifika huko wakati watu walipoikimbilia dhahabu kwa wingi miaka ya 1930. Babu aliitafuta dhahabu kwa macho na maji tu. Mto ukikauka, karai lilitundikwa ukutani mpaka masika. Aliwahi kuniambia kwamba dhahabu nyingi ya kwetu hakuna aliyeiona, imelala kwenye udongo mwekundu mbali na mto, maji yasikofika, na kwamba angepewa sikio la kuisikia asingezeeka na karai mkononi. Nilikuwa mtoto, nikayaacha yapite.

Yalinirudia mwaka 2012, nikiwa mhudumu wa nyumba ya wazee hapa Maryborough. Mmoja wa wazee niliokuwa nikiwavisha asubuhi alikuwa ametafuta dhahabu zaidi ya miaka 30. Namwita Mzee, naye ameshazoea kuitika. Siku moja nikiwa namfunga vifungo vya shati akaniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia, na nikamwambia habari ya babu na lile sikio. Akanishika mkono, akasema sikio hilo lipo, limetengenezwa Adelaide, na la kwake liko stoo kwa mwanawe limefunikwa na blanketi. Lilikuwa ditekta iitwayo SD2000.

Alinieleza kwa vipande vipande, asubuhi baada ya asubuhi. Ditekta zilipoingia kwenye mashamba ya dhahabu ya Victoria miaka ya 1970 watu walipata sana, hasa kwenye udongo mpole. Mwaka 1980, huko Kingower, kilitoka kipande cha kilo 27 kilichopewa jina la Hand of Faith, nacho kilipatikana kwa ditekta ya Garrett ya Marekani. Lakini udongo mpole uliisha. Ukabaki ule mwekundu wenye chuma, na humo mashine zile zilikuwa kama mtoto mwenye homa: kila unapoigusa, inalia. Watu wakasema ardhi imekwisha. Mwaka 1995 ikatoka SD2000, yenye uvumbuzi wa Bruce Candy, na wale wale waliokuwa wamekata tamaa wakarudi kwenye ardhi ile ile waliyoipitia mara kumi, wakatoa dhahabu iliyokuwa chini ya miguu yao siku zote. Mzee alikuwa mmojawapo. Alilipia nyumba yake hivyo.

Ndiyo maana namtaja Bruce Candy, na ndiyo maana mchana wenyewe haufanani na hafla ya hotuba. Tunachofanya ni kumpa kila mgeni nafasi ya kusikia kwa masikio yake kile kilichobadilika mwaka ule.

Anza na ruhusa. Uwanja wa majaribio ninaoutumia ni shamba la rafiki yangu mkulima, na kila mwaka namwomba upya, kwa simu, hata kama najua jibu. Baadaye tunahamia msitu wa serikali, na huko kila mtu mzima anapaswa kuwa na kibali kiitwacho Miner's Right. Unakilipia mara moja, kinadumu miaka 10, na dhahabu unayoipata ni yako. Wageni hulalamika kidogo kuhusu karatasi, basi huwaambia historia yake. Mwaka 1854 wachimbaji wa Ballarat walisimama na silaha kupinga leseni ghali na polisi waliokuwa wakiwasaka nayo, wakauawa wengi kwenye boma lao la Eureka. Mwaka uliofuata leseni ile ikafutwa, na Miner's Right ikaja badala yake kwa pauni moja kwa mwaka. Karatasi hiyo ililipiwa kwa damu za wachimbaji wadogo. Ichapishe, iweke mfukoni.

Kibali hicho kinaruhusu zana za mkono tu, kinataka ufukie kila shimo, na hakikupi haki ya kuingia mbuga za taifa zilizofungwa, shamba la mtu bila idhini yake, au maeneo ya urithi wa wenyeji wa asili wa nchi hii. Kama uko nchi nyingine, sheria zako ni nyingine. Zisome kabla hujaalika mtu.

Sasa uwanja. Tafuta mahali penye udongo mwekundu na vijiwe vyeusi vizito vinavyoshikwa na sumaku. Udongo mpole hautakufaa hata kidogo, kwa sababu humo mashine yoyote inaonekana hodari. Kaa mbali na nguzo za umeme, mbali na nyumba, mbali na uzio wa umeme wa ng'ombe.

Siku moja kabla, zika risasi. Nasema risasi kwa maana ya madini ya risasi, vile vizito vya kuvulia samaki, kwa kuwa mlio wake unakaribiana na wa vipande vya dhahabu ya asili, na hakuna atakayelia ukivipoteza. Natumia kimoja cha gramu 5, kimoja cha gramu 30 na kimoja cha gramu 60. Kosa wanalofanya wengi ni kuchimba shimo, kutia kizito na kufukia. Hapo umeshauvuruga udongo ulio juu yake, na mashine itaitikia tofauti ya udongo wenyewe. Kinachotakiwa ni kizito kilale chini ya udongo ambao haujaguswa.

Kwa hiyo chukua mtaimbo, uutie ardhini kwa mshazari, kama unayepitisha sindano chini ya ngozi. Ingiza bomba la plastiki kwenye tundu hilo. Funga kizito kwa mshipi wa kuvulia, kisukume kwa fimbo mpaka ncha ya chini ya bomba, na uache mshipi umechungulia nje ili uweze kukivuta mwisho wa siku. Pima kwa futikamba kina cha mahali kilipolala: cha gramu 5 nakiweka sentimita 12, cha 30 sentimita 25, cha 60 sentimita 40. Halafu tia bomba la nne ambalo halina kitu, na wageni usiwaambie ni lipi. Bomba tupu ndilo litakalokuambia nani anasikia kweli na nani anatamani kusikia.

Mdomo wa kila bomba uko pembeni na kizito kipo mbele yake, basi mahali penyewe weka kijiti cha mti. Usitumie msumari. Naona aibu kulisema hili lakini nimeshaona mtu mzima akiweka msumari.

Wageni wakifika, waombe waache simu, funguo na mikanda ya chuma garini. Viatu vyenye chuma mbele havifai. Ditekta washa moja tu kwa wakati. Mwaka wa kwanza niliwasha mbili zikiwa hatua kumi kutoka nyingine, zikapigana kelele mpaka watoto wakaziba masikio, nikapoteza nusu saa nikidhani koili, lile duara la waya linalopitishwa juu ya ardhi, imeharibika. Mashine za aina hii husikiana kwa mbali. Mita 30 ndiyo nafasi ninayoiacha siku hizi tukiwa msituni.

Anza na ditekta ya kawaida, ile inayotuma wimbi lisilokatika. Mpe mgeni hedifoni, mwache apitishe koili juu ya kijiti cha kwanza. Atasikia milio. Mwache aende mbali na kijiti, penye ardhi tupu. Atasikia milio vilevile. Mwaka jana shemeji yangu kutoka Mildura alivua hedifoni akaniuliza, "Dada, mbona hii inalia tu? Nitajuaje lipo kitu?" Hilo ndilo swali unalolingoja. Hawezi kujua. Chembe za chuma zilizomo udongoni zinaitikia wimbi la mashine kwa nguvu kuliko kipande cha risasi kilicholala chini yake. Usimjibu bado. Mpe SD2000.

Mashine ya Mzee ni nzito. Betri yake ni ya jeli, ya volti 6, inabebwa mgongoni, na waya wa kujisokota unashuka begani mpaka kwenye mpini. Mfunge mgeni vizuri, mlinganishie mashine na udongo, halafu mwambie apite polepole juu ya kijiti cha gramu 30. Atasikia mvumo mwembamba, wa kuendelea, kama mbu aliye chumba cha pili. Kisha mvumo utapanda, utashuka, utarudi ulivyokuwa. Shemeji alisimama. Akarudisha koili. Ukapanda tena, pale pale. Akaenda penye ardhi tupu: mvumo tu.

Hapo keti chini, pakua pilau, na eleza kilichotokea. Mimi hueleza hivi.

Ditekta ya kwanza inaongea na kusikiliza wakati mmoja. Ya Candy inaongea kwa mpigo, inanyamaza, ndipo inasikiliza. Koili inapewa umeme kwa muda mfupi sana, sumaku inajengeka ardhini, kisha umeme unakatwa ghafla. Kukatwa huko kunazusha mikondo midogo ya umeme ndani ya kila kipande cha chuma, risasi au dhahabu kilicho chini, nayo inazunguka humo kama maji kwenye bakuli lililotikiswa, ikififia kidogo kidogo. Koili inasikiliza mfifio huo. Mbinu ya mpigo ilikuwepo kabla yake. Shida yake ilikuwa kwamba udongo mwekundu nao unafifia polepole baada ya mpigo, kwa hiyo bado ulikuwa unaizima sauti ya dhahabu.

Alichofanya Candy ni kutuma mipigo ya urefu tofauti, mirefu na mifupi, na kusikiliza baada ya kila mmoja. Udongo huitikia mpigo mrefu na mpigo mfupi kwa uwiano wake maalumu. Ukiupata uwiano huo unaweza kuchukua jibu moja, ukalipima, ukalitoa kwenye jingine, na sauti ya udongo ikajifuta yenyewe. Dhahabu haifuati uwiano ule, basi inabaki. Teknolojia hiyo iliitwa Multi Period Sensing. Kwa watoto hutumia mfano wa harusi: ngoma inapiga mwendo mmoja usiobadilika, ukiujua mwendo wake unaweza kuutoa kichwani, na ukamsikia bibi anayekuita kutoka jikoni.

Kuhusu mtu mwenyewe nawaambia ninayoyajua kwa uhakika. Alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya ditekta ya Minelab, Adelaide, mwaka 1985. Baada ya SD2000 zikaja nyingine zenye uvumbuzi wake: mfululizo wa GP, GPX 5000 ambayo wachimbaji wa Afrika wanaijua vizuri, na GPZ 7000 ya mwaka 2015. Mwaka 2008 kampuni hiyo ikanunuliwa na kampuni ya Codan, nayo pia ni ya Adelaide. Na kuna jambo ambalo mimi nalipenda kuliko yote: mtu huyu alibuni pia amplifaya za muziki zinazoitwa Halcro, jina lililo jina lake la kati, zikapata sifa duniani kwa sababu haziongezi karibu chochote kisichokuwemo kwenye muziki wenyewe. Ukiyaweka pamoja, udongo na muziki, utaona ni kazi moja. Mtu ametumia umri wake kuondoa kelele ili kitu kidogo kisikike.

Maarifa hayo hayo yaliingia kwenye ditekta za Minelab za kutegulia mabomu ya ardhini. Mabomu mengi ya siku hizi yana chuma kidogo mno, pengine kipini tu, na mara nyingi yako kwenye udongo mwekundu kama huu. Nilipolisema hili mara ya kwanza, kaka mmoja kutoka Bujumbura aliweka sahani yake chini, akaenda akasimama peke yake karibu na ua kwa muda. Sasa nalisema baada ya watu kumaliza kula, na siliruki.

Baada ya chakula fundisha kusikiliza, na hapa usiwe na haraka, kwa sababu ndipo mashine nzuri huharibikiwa na mikono mibaya.

Kwanza mvumo. Rekebisha sauti ya msingi iwe ndogo kabisa lakini isikatike. Watu huizima kabisa kwa kuwa inachosha. Ukiizima, umeizima na dhahabu, maana kipande kirefuni hakipigi kelele. Kinaukunja mvumo tu kidogo, kama mtu aliyepita nyuma ya pazia. Mimi miezi minane ya mwanzo niliisubiri milio mikubwa. Nilipata misumari mingi sana na gramu moja na nusu ya dhahabu.

Pili, ilinganishe mashine na udongo. Kwenye GPX unabonyeza kitufe cha kwenye mpini huku ukiinua koili kama shibiri moja kutoka ardhini na kuishusha, tena na tena, mpaka mvumo uache kuyumba. Hapo unaipa mashine uwiano wa udongo wa pale uliposimama. Ukitembea hatua hamsini udongo umebadilika, basi rudia. Mashine za zamani zinataka mkono na subira zaidi.

Tatu, mwendo. Koili ikae karibu na ardhi, iwe sambamba nayo mwanzo hadi mwisho. Mgeni kwa kawaida huirusha kama anayefyeka majani, ikainuka pembeni, na sentimita tano zinazopotea angani ni sentimita tano za kina. Hesabu moja mpaka nne kutoka kushoto kwenda kulia, na nne tena kurudi. Kila upitapo, nusu ya koili irudie ulipopita kabla.

Sasa wape vijiti vinne bila kusema lolote. Kila mmoja apite peke yake, akunong'oneze sikioni ameona vijiti vingapi vina kitu. Wengi hulisikia la gramu 30. La gramu 60 lililo sentimita 40 huwashinda mara ya kwanza, kisha ghafla wanalipata, na utaujua wakati huo kwa uso. Bomba tupu likimdanganya mtu, msimcheke. Mwambie arudi, aondoke, arudi tena kutoka upande mwingine. Mlio wa kweli unarudi pale pale kutoka pande zote mbili.

Tukishafika msituni, ambako miti ya ironbark inasimama na magamba yake meusi, natafuta ardhi iliyofanyiwa kazi na wachimbaji wa miaka ya 1850: vilima vidogo vya kifusi, udongo wa juu uliokwanguliwa, vipande vya jiwe jeupe la kwatzi. Watu wale walikuwa na macho makali, lakini hawakuwa na sikio. Karibu hapo, Moliagul, mwaka 1869 John Deason na Richard Oates walikuta kipande cha zaidi ya kilo 70 kikiwa sentimita chache tu chini ya uso wa ardhi. Walipokifikisha Dunolly hapakuwa na mizani ya kukibeba, kikakatwa vipande juu ya fuawe. Ardhi iliyotoa kitu kama hicho bado ina makombo.

Waonye juu ya mashimo ya zamani. Mengine ni marefu kuliko nyumba, midomo yake imefunikwa na vichaka, na hakuna uzio. Mimi wa Chunya sihitaji kuelezwa duara, yaani shimo la mgodi, lililoachwa linaweza kufanya nini. Mtoto asitembee bila mkubwa, na mkubwa asirudi nyuma huku akitazama koili.

Kila mtu anaburuta kipande cha mnyororo nyuma yake. Unaacha alama nyembamba kwenye majani makavu, na mstari unaofuata unaufuata ule, bila kuacha uchochoro katikati. Huo mnyororo ni wa Mzee. Umevaa mpaka unang'aa.

Mlio ukija, kwanza kwangua juu kwa kiatu. Jiwe lenye chuma linalodanganya litasogea na mlio utasogea nalo. Mlio ukibaki palepale, chimba. Kichwa cha sururu yangu nimekibandika sumaku yenye nguvu: naipitisha kwenye udongo, msumari unaruka kushika. Wakati mashine iko karibu, sururu iweke mbali nyuma yako. Usijaribu kubahatisha kwa mlio kwamba hiki ni chuma, niache. Chimba kila kitu. Utapata misumari, gololi za risasi, maganda ya bunduki, vizibo, vipini vya viatu vya wachimbaji waliokufa zamani. Mlio ukitoka shimoni, chota udongo kwa upawa wa plastiki, upitishe juu ya koili. Unalia? Gawa nusu, mwaga nusu moja, pitisha tena. Endelea kugawa mpaka kiganjani pamebaki udongo wa kijiko kimoja. Hapo usipulize. Tumbukiza kwenye maji.

Kisha fukia. Rudisha udongo, ukanyage, tawanya majani juu. Nimeshakuta eneo zima limeachwa kama uso wenye ndui, na wallabi, mnyama kama kangaruu mdogo, aliyevunjika mguu shimoni. Mtu aliyetengeneza mashine inayoweza kuuacha udongo ulivyo mpaka pale hasa panapohitajika hakuitengeneza kwa ajili hiyo.

Neno moja kwa ndugu zangu wa Chunya, Geita na Kivu, maana mdogo wangu amebaki nyumbani na kazi yake ni hii. Ditekta za GPX zinaghushiwa. Ganda linafanana, rangi inafanana, kibandiko kinafanana, na ndani mna kitu kingine kabisa. Mdogo wangu alinunua moja kwa pesa ya ng'ombe watatu kwa mtu aliyekutana naye mnadani, na haikuwahi kusikia kitu kilichopita kina cha kiganja. Nunua kwa wakala anayetambuliwa na kampuni, chukua risiti, na namba ya mashine uihakiki na kampuni kabla ya kutoa pesa. Ukishindwa kuihakiki, fanya lile jaribio la bomba mbele ya muuzaji. Mwenye mashine halali hatakataa kukupa nusu saa. Kununua ya kughushi ni kumlipa mwizi wa kazi ya mtu, na kujiibia msimu mzima.

Saa kumi jioni tunarudi shambani kukusanya vitu. Navuta vizito kwa mishipi yake, nang'oa mabomba, nahesabu: vilikuwa vitatu, viwe vitatu. Natoa betri ya SD2000 na kufuta waya kwa kitambaa kikavu. Takataka zote tulizochimba zinaingia kwenye ndoo moja, hazirudi ardhini. Mwaka jana ndoo ilikuwa na vyuma 83, na kwenye kichupa cha maji palikuwa na punje moja ya dhahabu, gramu 0.6, aliyoipata binti wa miaka 11 kutoka Melbourne baada ya kuchimba misumari kumi na minne bila kulalamika.

Kituo cha mwisho ni nyumba ya wazee, kabla ya saa kumi na moja na nusu wanapokula. Usijaribu kuiwasha mashine chumbani. Kitanda ni chuma kitupu. Mpeleke mgonjwa bustanini kwa kiti cha magurudumu, mhamishie kwenye benchi la mbao, na kiti kisogeze mbali. Mzee sasa ana miaka 91 na huwa hasikii hata ukimwita kwa nguvu. Mwaka jana nilimvisha hedifoni, binti akaweka ile punje kwenye kiganja chake na kuanza kuileta kutoka mbali kuelekea kwenye koili, polepole, kama nilivyomfundisha. Mimi niliyekuwa nimeegemeza sikio kwenye hedifoni ya Mzee kutoka nje nilikuwa bado nasikia mvumo tu, Mzee alipoinua kidole.